Foki Niliyoipaka Rangi

Nawasalimu, ndugu zangu, kwa jina la Yesu, aliyenipa nafasi ya kusimama hapa nikiwa na akili zangu timamu. Naitwa Elinami. Nimezaliwa Machame, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi hapa Dar es Salaam, na wengi wenu mnanijua kama yule mzee anayeziba pancha karibu na soko la Kariakoo. Msilolijua ni kwamba zamani nilikuwa naunda baiskeli nzima, kuanzia fremu mpaka usukani. Leo nitawaeleza kwa nini niliacha, na jinsi Mungu alivyonitoa mahali ambapo nilikuwa nimeshakubali kufia.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, vitu vimeadimika madukani. Mnaokumbuka mnakumbuka: sabuni foleni, sukari foleni, na tairi la baiskeli ukibahatika kulipata unalala nalo chumbani. Karakana yangu ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba moja Mchafukoge. Redioni tulihimizwa kila siku tujitegemee, na mimi neno lile lilinikaa moyoni kuliko wengi. Watu walisema baiskeli ya mashindano lazima itoke nje. Nilitaka kuwaonyesha kwamba inaweza kutoka kibarazani kwangu.

Vijana wa mitaa walikuwa na mashindano yao, na hayakuwa ya barabara ya lami. Walianzia Buguruni, wakafuata njia za vumbi na kokoto mpaka vilima vya Pugu, wakarudi kwa njia nyingine ya mchanga na mashimo, halafu wakavuka bonde la Msimbazi. Pale bondeni huwezi kupita umepanda. Mtu alishuka, akaitupia baiskeli begani, akakimbia nayo kwenye tope mpaka ng'ambo, akairukia tena na kwenda. Kwa zile baiskeli nzito za kubebea mizigo ilikuwa ni adhabu.

Basi nikaunda ya kwangu. Nilichukua fremu kuukuu nikaikata na kuifupisha. Niliacha nafasi pana kati ya tairi na fremu ili tope lisigande. Nikaupinda usukani uelekee chini kama pembe za kondoo, na tairi zilizokwisha nikazichonga meno mapya kwa kisu cha moto. Foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, niliitoa kwenye baiskeli ya kike iliyokuwa imetupwa nyuma ya ghala. Niliipanua na kuichomelea upya. Baiskeli ilipokamilika mtu aliweza kuiinua kwa mkono mmoja.

Aliyeipanda alikuwa Saidi. Saidi alitoka Lindi, alikuwa Mwislamu, na alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu niliozaliwa nao. Kila asubuhi alibeba samaki kwa baiskeli kutoka Feri mpaka Kariakoo, matenga mawili nyuma, huku anaimba. Aliishi Buguruni na dada yake, Mwanahamisi, aliyekuwa akikaanga samaki palepale Feri. Saidi alikuwa na miguu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, na mikono myepesi. Aliweza kushuka mteremko wa mawe bila kugusa breki, baiskeli inacheza chini yake, yeye ametulia juu. Alishinda mara mbili kwa baiskeli yangu, na watu wakaanza kuja Mchafukoge kuitazama tu.

Ndugu zangu, sasa nafika penye dhambi yangu.

Ijumaa moja, siku mbili kabla ya mashindano, nilikuwa naiosha ile baiskeli. Nilipopitisha kitambaa kwenye foki, chini kidogo ya shingo yake, ukucha wangu ulinasa. Niliinama nikatazama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba. Fundi yeyote anajua maana yake. Foki nyingine sikuwa nayo, na mji mzima usingenipa. Kilichotakiwa ni kumwambia Saidi, "Safari hii hatuendi." Maneno matatu tu.

Sikuyasema. Nilikuwa nimeshajitapa Kariakoo nzima. Kuna mkubwa mmoja wa michezo alikuwa ameahidi kuja kuiona baiskeli iliyotengenezwa na mwananchi, na mimi nilikuwa nimeshajiona nikipeana naye mkono. Nikasugua ule ufa kwa msasa, nikaupaka rangi nyeusi, nikaiweka baiskeli juani ikauke. Nilijiambia itahimili siku moja.

Jumapili asubuhi Saidi alikuja kuichukua. Aliibonyeza mbele, akaizungusha, akaniuliza kama alivyoniuliza siku zote, "Fundi, iko sawa?"

Nikamwambia, "Iko sawa. Wewe kanyaga."

Nilikwenda kusubiri Msimbazi, kwenye matope, na galoni la maji. Wakaja wa kwanza, wakaja wa pili, wakaja wengi. Saidi hakuwamo. Mmoja akaniambia huku anahema, "Saidi kaanguka Pugu, kwenye mteremko." Nilipanda lori la mchanga mpaka kule. Nilimkuta amelazwa pembeni ya njia juu ya kanga za akina mama waliokuwa wanatoka kuchanja kuni. Uso wake haukuwa na hata mchubuko. Aliniangalia akasema, "Fundi, siisikii miguu." Foki ilikuwa imekatika palepale nilipopaka.

Mgongo ulivunjika. Alikaa hospitali miezi kadhaa, akarudishwa Buguruni akiwa hawezi kugeuka bila msaada. Siku niliyokwenda kumwona nyumbani kwa mara ya kwanza, Mwanahamisi alinipa kigoda nikae, na Saidi akaniambia jambo ambalo alikuwa amelifikiria muda wote ule wa kulala.

"Nadhani nilibana breki ya mbele," alisema. "Kwenye yale mawe. Mimi nisiyebana breki. Ndivyo ilivyokuwa, fundi?"

Ndugu zangu, mlango wa kutorokea ulikuwa wazi mbele yangu. Nilisema, "Ndivyo, Saidi. Ulibana sana, foki ikashindwa."

Akafumba macho. Akasema, "Basi nimejiua mwenyewe."

Niliagana nao, nikaenda zangu.

Miaka minne. Kila nilipokwenda alirudia swali lile, na kila mara nililijibu vilevile. Alikuwa akiinua mkono wake wa kushoto, uliokuwa ukishika breki ile, anautazama kama mkono wa mtu mwingine aliyemkosea. Waliokuja kumsalimu aliwaambia, "Ni ujinga wangu mwenyewe." Mtu aliyekuwa anajua kazi yake kuliko wote nilimfanya aamini kwamba hakuijua.

Mimi nilioza. Baiskeli nyingine sikuunda tena. Nilianza kunywa gongo kwa mama mmoja karibu na nilipopanga, kwanza jioni, baadaye tangu asubuhi. Mke wangu Ndeshi alivumilia, kisha akamchukua mtoto wetu akarudi Machame. Hakunitukana. Alisema tu, "Elinami, una kitu unanificha, na mimi siwezi kuishi na hicho kitu." Kanisani nilikuwa nakuja, maana nilizoea, lakini wakati wa Meza ya Bwana nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka iishe. Nilijaribu kuomba, maneno yakaishia mdomoni. Nilikuwa nikienda kukaa karibu na reli kule mtaa wa Gerezani, natazama treni zinavyopita, na mawazo niliyokuwa nayo pale siwezi kuyasema mbele ya watoto. Wapo wanaosema mtu akifika chini kabisa humwona Mungu. Mimi nilifika chini na sikuona kitu. Palikuwa pakavu.

Halafu siku moja saa tano asubuhi Mwanahamisi alikuja Mchafukoge. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye gunia. Alikifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa ile foki, vipande vyake. Alikuwa ameihifadhi chini ya kitanda miaka yote bila mimi kujua.

"Fundi," alisema, "chuma hakipatikani. Nikatie hivi viwe miguu ya jiko langu, karai linayumba."

Nikasema sawa, nikanyoosha mkono kuichukua haraka. Yeye akaishikilia. Alikuwa ameinama anaangalia pale ilipokatika.

"Hapa pana kutu ya zamani," alisema, "na huku hapana. Huku kumekatika kupya. Kwa nini?"

"Maji ya mvua, dada."

"Maji yalichagua upande mmoja?"

Akakwangua kwa ukucha, rangi nyeusi ikabanduka kama ganda, chini yake alama za msasa. Aliniangalia muda mrefu. Mwanamke yule hakuwa fundi, lakini maisha yake yote alikuwa akichunguza samaki kujua yupi ameanza kuharibika. Akasema, "Nitarudi Ijumaa kuchukua miguu ya jiko langu." Akaondoka.

Nilipiga magoti palepale kibarazani, watu wanapita, wengine wakacheka wakidhani nimelewa. Siku hiyo sikuwa nimelewa. Sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema, "Bwana, siwezi kusema. Kama upo, nisukume." Basi. Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Lakini niliinuka, nikaichukua ile foki, na miguu yangu ikaanza kwenda Buguruni, na njia nzima nilikuwa natamani irudi na haikurudi. Ndugu zangu, hilo ndilo ninaloliita kufunguliwa. Sikupata furaha. Nilipata miguu tu ya kunifikisha.

Mwanahamisi alikuwa hajafika. Saidi alikuwa peke yake, dirisha liko wazi. Niliweka vile vipande kifuani pake nikamwambia yote: Ijumaa, ukucha, ufa, msasa, rangi, na uongo wa miaka minne.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena. Pole pole."

Nikarudia mara ya tatu. Alikuwa anapapasa ule ufa kwa kidole.

"Kwa hiyo breki sikubana," alisema.

"Hukubana."

"Mkono wangu haukukosea."

"Haukukosea, Saidi. Ulipanda vizuri mpaka mwisho."

Akaanza kulia. Niliposogea kumshika alisema, "Toka." Nikatoka. Pale mlangoni nikakutana na Mwanahamisi. Alishasikia. Alinipisha bila kunisalimu.

Habari ilifika kwa balozi wa nyumba kumi. Alituita, akamuuliza Saidi kupitia kwa dada yake kama anataka twende polisi. Jibu lilikuwa kwamba hataki kesi. Alitaka kitu kimoja: nisimame mbele ya waendesha baiskeli wote na niseme. Nilisimama pale Msimbazi siku ya mashindano, nikasema kwa sauti, jina langu na nilichofanya. Mmoja alinipiga kofi. Tangu siku ile hakuna aliyeniletea fremu, ndiyo maana mnaniona naziba pancha. Gongo niliacha. Si kwa mara moja, kwa kuanguka na kuinuka, na wazee wa kanisa hili walinishika mkono.

Baada ya miezi kadhaa Saidi alituma ujumbe kwamba naweza kwenda. Nikaenda kila Jumapili mchana, baada ya ibada. Nilimgeuza, nilimwosha vidonda vya mgongoni, nilibadilisha shuka. Hakuzungumza nami sana. Wakati mwingine aliniuliza nani ameshinda, na tope la Msimbazi lilikuwaje, nikamweleza. Lakini lile swali la breki hakuliuliza tena, na ule mkono wa kushoto sikumwona tena akiutazama. Wageni wakija aliwaambia, "Ilikuwa foki. Mimi nilipanda vizuri." Alisema hivyo nikiwa nimekaa palepale na beseni la maji mikononi. Nilitikisa kichwa kukubali.

Alifariki wakati wa masika yaliyofuata, vidonda vimemshinda. Sikuwahi kumsikia akisema amenisamehe. Nililisubiri neno hilo na halikuja, na ndugu zangu, sitawadanganya kwamba halinisumbui. Ndeshi naye hakurudi. Aliniandikia barua moja, akasema amefurahi kwamba nimesema kweli, na kwamba amezoea kule.

Siku ya mazishi nilisimama mbali, ng'ambo ya njia, kwa sababu sikujua kama nina haki ya kukaribia. Waendesha baiskeli walikuwa wamejaa uani. Mwanahamisi alitoka, akavuka njia mpaka niliposimama. Akasema, "Alisema ukija, usizuiwe kushika jeneza." Nikaingia katikati ya wanaume, wakanipisha, nikatia bega.

Kama yupo hapa leo aliyemwachia mtu mwingine kubeba kosa lake, nakuomba uende kwake wakati bado anapumua. Usingoje mpaka ujisikie msafi au jasiri. Mimi nilikuwa mchafu na mwoga, na Bwana alinipeleka hivyohivyo. Mwamini, hata kama huoni chochote. Mtu akiniuliza kama Mungu amenisamehe, nasema ndiyo, na sasa naikaribia Meza yake pamoja nanyi. Akiniuliza kama Saidi alinisamehe, nasema sijui. Najua tu kwamba nilimbeba mpaka kaburini na hakuna aliyeniambia niondoke, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku ninayoamka. Niombeeni.