Cosmas Linus Mbunda na Porto ya Shamba Moja

Aliyelala mbele yetu leo ni Cosmas Linus Mbunda, mtoto wa tatu wa Mzee Linus, mchuma karafuu, na Mama Agnes. Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1938 huko Machui, Unguja. Watu wa mjini walimwita mtu wa shamba, kwa dharau, naye akalibeba jina hilo mpaka likawa heshima yake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Mwaka 1956 aliajiriwa kuhudumia mezani katika klabu ya Waingereza mjini. Huko ndiko alikoiona porto, mvinyo mtamu mzito wa Ureno ambao wakubwa walipokezana baada ya chakula. Hakuruhusiwa kuionja. Aliijua kwa pua.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na Eufrasia wa Ng'ambo, mtaa wa mjini. Shangazi wa bibi harusi alinong'ona kwa sauti ya kusikika kanisa zima: "Eufrasia, umekosa watu mjini humu?" Bibi harusi akajibu, "Wa mjini siwajui walikotoka, shangazi. Huyu namjua mpaka mkarafuu wake."

Januari 1964 yakaja mapinduzi, klabu ikafungwa. Binti yao, Placida, alizaliwa tarehe 8 Machi mwaka huohuo. Novemba, Cosmas aliondoka kwenda Uingereza na afisa mmoja wa Kiingereza kama mpishi wake, akimwambia mkewe ni mwaka mmoja tu. Ikawa minane.

Mwaka 1966 alipata kazi London, katika ghala la mvinyo chini ya reli, karibu na London Bridge. Wakati ule porto ilikuja kwa mapipa, na watu wenye mikono ya kazi waliitia kwenye chupa hapahapa. Pipa lake la kwanza lilikuwa la mavuno ya 1964. Msimamizi wake, James, alimfundisha.

"Nyumba ni kampuni, Cosmas. Inachanganya mvinyo wa mashamba mengi, na mwaka ukiwa mzuri sana inautangaza kwa jina lake. Sitini na tatu walitangaza karibu wote."

"Na huu wa sitini na nne?"

"Wamenyamaza. Nyumba ikinyamaza, shamba lake bora hutolewa peke yake."

"Kumbe ni wa shamba, kama mimi."

"Wa shamba moja. Jua likiliunguza, hakuna zabibu za jirani za kuficha. Lakini usiuweke kama wa nyumba. Ule utakuzika. Huu unywe kabla haujatimiza miaka ishirini na mitano."

Kila mfanyakazi alipewa chupa moja. Cosmas aliipaka yake mstari mweupe ubavuni, kama ilivyokuwa desturi ya ghala, ili ukiilaza ujue upande wa juu na mashapo yasivurugike. Akasema ni ya Placida. Wataifungua akitimiza miaka ishirini na mitano.

Alizionja porto zote mbili miaka mingi. Ya nyumba, alisema, ni pana, haina kona, inakaa nusu karne bila kuchoka. Ya shamba moja ina harufu ya mahali: mawe yaliyochomwa na jua, majani makavu. Na hakuusifia kamwe mvinyo uliokufa. Mwaka 1974 mteja mkubwa alimpa glasi aisifie mbele ya wageni. "Umekufa huu, bwana," akasema Cosmas. Usimamizi wa ghala akapewa mwingine.

Kisha sheria ikataka porto ya mavuno ya mwaka mmoja itiwe chupani hukohuko Ureno. Mikono iliyojua kazi ikapewa fagio. Ghala lile leo ni ukumbi wa mazoezi. Watu wanakimbia juu ya mashine na hawafiki popote.

Eufrasia na Placida walimfuata mwaka 1972, wakaishi Stratford, humuhumu London. Eufrasia alifariki tarehe 19 Novemba 1988. Aliomba azikwe Unguja. Cosmas akamzika hapa.

"Alikuomba kitu kimoja tu, Baba," alisema Placida.

"Kule hatuna mtu tena."

"Na hapa huna mtoto."

Akahamia Peckham. Machi 1989 ilifika, chupa haikufunguliwa. Ilibaki uvunguni mwa kitanda, kando ya bomba la joto, miaka ishirini na miwili.

"Ifungue, shemeji," aliambiwa na Thadei, kaka wa Eufrasia, ambaye leo anasoma wasifu huu. "Ya shamba moja haingoji."

"Itangoja. Mwenyewe hajaja."

Oktoba 2011 aligundulika kuwa na saratani ya umio. Januari Thadei alimpigia simu Placida, akamwambia habari ya chupa. Jumamosi tarehe 28 binti alifika. Cosmas alimwelekeza akiwa kitandani: "Usitikise, mwanangu. Taratibu. Mashapo yakifika shingoni, acha."

Mvinyo ulitoka na rangi ya chai iliyolala. Placida akamlowesha midomo.

"Vipi, Baba?"

Alilamba midomo. "Nzuri," akasema. "Imekungoja vizuri."

Placida alikunywa glasi yote. "Nzuri, Baba."

Thadei alionja iliyobaki. Ilikuwa siki na vumbi. Placida ameomba hili lisomwe hivyohivyo, bila kupunguzwa.

Cosmas alifariki adhuhuri ya tarehe 9 Februari 2012, akiwa na miaka sabini na mitatu. Placida aliulizwa kama baba apelekwe Unguja. Akajibu, "Hapana. Mama asiachwe peke yake tena." Ndiyo maana kaburi hili liko ubavuni mwa lile.

Ameacha binti, Placida, mjukuu, Margaret, dada yake, Restituta, aliyeko Machui, na shemeji yake, Thadei.

Mlazeni taratibu, asitikiswe. Apumzike kwa amani, mtu wa shamba.