Mzee Mikia Aaga Chumba cha Kanda

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mtunza kanda wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Alikuta kituo hiki cha televisheni kina kamera mbili, studio iliyozibwa madirisha kwa magodoro, na msomaji wa habari aliyevaa koti na tai juu, kaptura chini. Wakubwa wakampa chumba kisicho na dirisha, wakamwambia ni cha muda tu. Mpaka leo yumo.

Kanda zilikuwa adimu siku hizo. Amri ilikuwa moja: kipindi kikisharushwa, kanda irudi kwake, kirekodiwe kingine juu yake. Kwa hiyo historia ya kituo hiki ilifutwa na mikono ileile iliyopewa kuitunza. Na mtu asimlaumu, maana sote tulikuwa tunamgongea mlango tukidai kanda.

Mkewe ndiye aliyetangaza kipindi cha watoto, yule ambaye mji mzima ulimwita Dada Jumamosi, kwa miaka mingi hata baadhi yetu tuliomtazama utotoni tukaajiriwa hapa tukamkuta bado yupo. Hapa ndipo roho inaponiuma. Ili watu wasiseme anambeba mkewe, kila ilipotakiwa kanda ya kufutwa mzee wetu alianza na za mkewe. Mama yule alimtania kwenye korido kwamba bwana huyu kazi yake ni kumfuta, na yeye kazi yake ni kurudi kila Jumamosi. Tulicheka sana. Kisha mama wa watu akaugua, na haukupita muda tukamzika.

Likizo ya msiba ilipokwisha, mzee alirudi kazini akaanza kutafuta. Kipindi kifupi kikirekodiwa juu ya kirefu, mwishoni hubaki kipande cha kile cha zamani, naye kipande hicho alikiita mkia. Basi akawa anatazama kila kanda mpaka mwisho, moja baada ya nyingine, kila alipopata nafasi. Vijana wakambatiza Mzee Mikia, naye akaitika.

Alipata mengi. Alimpata dereva wetu wa kwanza, marehemu, akifunga mlango wa gari. Dada wa marehemu akaitwa, akatazama huku analia, akaomba irudiwe. Alipata dakika za mwisho za ufunguzi wa kituo, wageni rasmi wakigombea soda. Picha zote za zamani mnazoziona kwenye sherehe zetu ni mikia yake, ndiyo maana karibu kila mtu humo anaaga.

Mkewe hakumpata. Kipindi cha watoto kilikuwa cha nusu saa. Habari na mpira ni virefu zaidi, vilikifunika chote. Fundi mitambo mmoja alimweleza hivyo kwa upole, akidhani anamsaidia. Mzee akamjibu, "Najua, mwanangu. Wewe niache tu." Akaweka kanda nyingine.

Wiki iliyopita alifikia kanda ya mwisho. Ilikuwa ya mpira. Refa akapuliza kipyenga, zikafuata chenga, vile vinukta vyeupe na vyeusi vya kanda tupu, naye akazikodolea macho zile chenga mpaka mashine ikajizima yenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia sasa atapumzika nyumbani.

Akaniuliza, "Nyumbani nitamtafuta wapi?"

Leo ninalo jibu, ingawa ni dogo. Mzee wetu, asante kwa kila ulichotuokolea, na siku zako za mapumziko ziwe nyepesi kuliko hizi ulizotupa sisi. Jumapili usitoke. Tuliokua tukimtazama mkeo tumejaa humu ofisini, na tunakuja kwako, kila mmoja na anachokikumbuka. Mimi nakumbuka alivyokuwa akiinamia kamera na kuuliza nani hajanawa mikono, nasi kule sebuleni tukaificha mgongoni, tukiamini kabisa kwamba anatuona.