Bi Pua na Mapipa Mapya ya Mwaloni

Huyu tuliyemzoea kwa jina la Bi Pua alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, kitinda mimba wa mama dobi na baba mlinzi wa ghala. Walikaa chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha sabuni, na huko ndiko pua yake ilikopata sifa. Kabla hajang'oka meno ya utoto, aliweza kunusa shati ndani ya beseni akataja mwenyewe, na mara nyingine akataja lilikolala. Mama alimpiga marufuku kusogelea nguo za watu, maana mtoto angeuvunja mtaa mzima.

Shuleni alikuwa wa wastani, tusimpambe. Ila mwaka 1976, kwenye mtihani wa kemia, wenzake wakihangaika na vichupa, yeye alinusa tu na kuandika majibu. Mwalimu alimnyima alama, akaandika pembeni: "Sahihi, lakini umefanyaje?" Alilicheka swali hilo maisha yake yote.

Mwaka 1979 aliingia kiwanda cha wiski kama mwosha glasi, na kufikia 1991 alikuwa mwonjaji mkuu. Wiski yao ya kimea cha shayiri tupu ililala miaka mingi katika mapipa makuukuu, kisha ikamalizia miezi michache katika mapipa mapya ya mwaloni. Pipa jipya lina ukarimu wa mgeni: huleta vanila, karafuu na tangawizi, lakini likiachiwa huifukuza shayiri nyumbani kwake. Kazi ya Bi Pua ilikuwa kusema lini itolewe. Alitia tone la maji, akafunika glasi kwa kisahani, akafumba macho, na ghala zima likanyamaza pamoja naye. "Inaota," alinong'ona. "Msiiamshe kwa kelele."

Tarehe 14 Julai 1984 aliolewa na Fundi Mapipa, aliyefika kwenye harusi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Bwana huyo hakunywa kabisa. Alidai hulewa kwa kupita mlangoni. Mezani walitaniana bila kuchoka.

"Mbao yako ina mdomo, baba watoto."

"Na shayiri yako inadeka, mama."

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya mapafu. Matibabu yalimwondolea uwezo wa kunusa, na hilo lilimuuma kuliko maumivu yenyewe. Wakati huo ghalani kulikuwa na wiski ndani ya mapipa ya mwisho aliyoyaunda mumewe kabla ya kustaafu. Fundi alitamani ikae mpaka mwisho wa mwaka, watu waionje kazi ya mikono yake. Msimamizi alikataa kugusa pipa bila neno la Bi Pua, na Bi Pua aliogopa kufa akaiacha iharibike.

Glasi ikaletwa chumbani. Jua la alasiri lilipita kwenye pazia na kulala juu ya shuka. Alinusa, akanusa tena, machozi yakamtoka. Akampa mumewe.

"Niambie wewe."

"Mimi? Sijawahi hata kuilamba!"

"Leo lamba."

Alionja, akakohoa hadi mto ukaanguka.

"Unasikia nini?"

"Asali kidogo. Halafu kama mkate unaotoka jikoni."

"Halafu?"

"Halafu mbao, mke wangu. Mbao yangu imeanza kusema peke yake."

"Basi waitoe leo."

Wakaitoa jioni ile. Walioionja wanasema shayiri bado imo, na mwaloni umekaa pembeni kwa adabu. Bi Pua alifariki nyumbani, usingizini, tarehe 3 Novemba 2023.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na dada yake mkubwa anayewasomea maneno haya. Jana, tukikunja nguo zake, binti mdogo alimuuliza baba yake kwa nini hakusema tu kwamba bado, mapipa yake yakapata muda alioutaka.

"Mama yako angejua."

"Angejuaje, baba, na pua ilishakufa?"

"Alikuwa amenishika mkono," akasema Fundi, akaendelea kukunja.

Mungu ampokee mdogo wangu, alale kwa amani.