Mama Brigitte na Ndege za Kabingu

Tarehe thelathini ya mwezi huu Mama Brigitte Kavugho anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mizigo ya Nyota ya Ziwa, hapa mtaa wa Huanshi Zhonglu, Guangzhou, kwa miaka ishirini na mmoja. Karibu sote tulimkuta kazini, na wengine, mimi Lusajo nikiwamo, ndiye aliyetufundisha hata kufunga kamba.

Alizaliwa Kabingu, mji wa ziwani mashariki mwa Kongo. Alisomeshwa na masista, akafundisha Kifaransa, kisha akaingia katika biashara ya vitenge. Alikuja Guangzhou kununua vitambaa katika soko la Zhongda na kurudi nyumbani, akabaki. Siku hizo Kichina chake kilikuwa cha maneno mawili: "mei you", yaani hakuna, na "tai gui le", yaani ghali mno. Bosi Huang, mwenye karakana ya kushona kule Kangle, hachoki kusimulia alivyomuuliza mgeni huyu ana watoto wangapi, naye akamjibu kwa uso mkavu, "Tai gui le!" Karakana nzima ilisimamisha cherehani kwa kicheko. Urafiki wao ulianzia hapo.

Kutoka kupokea mizigo alipanda hadi kuwa mkuu wa upakiaji. Huimba akifanya kazi, sauti ya pili ya kwaya ya kanisani kwao. Wimbo ukikatika ghafla, wateja wa zamani wanajua kuna boksi limefungwa vibaya, na kila mmoja anaomba Mungu lisiwe lake.

Lakini tukimtaja Mama Brigitte bila kuutaja mwaka wa kuzingirwa kwa Kabingu, tutakuwa hatujamtaja.

Wapiganaji walizifunga barabara zote za kuingia mjini, na ziwani boti zikazuiwa. Mataifa makubwa mawili yanayogombea madini ya eneo lile yalikuwa yamegawana pande za vita, na kila lililopendekezwa na moja lilikataliwa na jingine. Yalikubaliana jambo moja tu: ndege ndogo ingeruhusiwa kutoka Entebbe hadi Kabingu ikiwa na mahitaji ya raia, na wakaguzi wa pande zote mbili wangeipekua kabla haijaruka. Kikipatikana kifaa kimoja cha vita, ruhusa ingekufa.

Ofisi yetu ilikubali kukusanya mizigo na kuipeleka Entebbe. Mashine za oksijeni, dawa za sukari, maziwa ya watoto wachanga, vyandarua vilivyoshonwa kwa Huang. Hospitali ya Kabingu ilitusubiri, na katika wodi yake ya wazazi alikuwemo Fifi, mkunga, mdogo wake Mama Brigitte. Tulipomwambia Mama Brigitte apumzike, alijibu, "Nitapumzika barabara ikifunguka."

Aliweka sheria moja: kila mzigo unafunguliwa mbele yake. Wiki moja, shehena ikiwa karibu kwenda uwanja wa ndege, aliingia Roger, mfanyabiashara wa Kabingu na mteja wetu wa miaka mingi, na marobota ya mablanketi ya watoto.

"Hata mimi, Mama Brigitte?" Roger aliuliza alipoona kisu chake cha kuchania marobota.

"Hata wewe. Hata askofu."

Katika robota la tatu, katikati ya mablanketi, zilikuwamo redio za kijeshi na injini za ndege zisizo na rubani. Roger hakukana. "Ni za vijana wanaoulinda mji," alisema. "Mama yangu yuko kule. Unataka wajilinde kwa mablanketi?"

"Dada yangu naye yuko kule," alisema Mama Brigitte. "Huenda una haki, Roger. Lakini ndege hii ikifungwa, mtoto hapumui redio."

Aliyatoa marobota yote ya Roger. Kisha akageukia shehena iliyokwisha kufungwa, akaamuru ifunguliwe upya, boksi kwa boksi. Aliyeficha, alisema, huenda hayuko peke yake. Nilimwambia ndege ya kwenda Entebbe itatuacha.

"Ituache," alijibu.

Ilituacha. Nafasi nyingine haikupatikana ila baada ya juma zima. Katikati ya juma hilo Fifi alimpigia simu yaya wake, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, nasi tuliokuwa ghalani tulisikia kila neno.

"Yaya, mashine ziko wapi? Leo asubuhi wachanga wawili wametutoka. Wawili, yaya!"

Mama Brigitte hakujitetea. Alimwambia, "Zinakuja. Niamini," akakata simu, akaenda kukaa kwenye ngazi akiwa amejifunika uso. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alishika kisu chake na kusema, "Bon, haya, tuendelee."

Shehena ilipofika Entebbe, wakaguzi walikuwa wamekwisha kudokezwa kwamba mna vifaa vya vita ndani. Walichana marobota, wakafungua mashine hadi skrubu. Hawakukuta kitu. Ndege ikaruka, na kesho yake Fifi akatuma ujumbe wa sauti usio na neno hata moja: mashine ikinguruma taratibu, na kichanga kikilia kwa nguvu zake zote. Mama Brigitte aliusikiliza amesimama, kisha akatupatia simu tusikilize nasi.

Ndege ziliendelea kutua Kabingu hadi barabara zilipofunguliwa. Mama Brigitte hawasahau wale wachanga wawili. Kila mwaka huwaombea misa, kwa majina waliyopewa na mama zao. Roger alinuna kwa miezi, halafu asubuhi moja alikuja na marobota mapya, akaanza kuyafungua mwenyewe kabla hajaombwa. Walipeana mkono bila maneno mengi.

Mama Brigitte, ofisi inakushukuru kwa mikono yako, na kwa kutufundisha kwamba ukali nao unaweza kuwa huruma. Wateja wa Huanshi Zhonglu wanakushukuru. Bosi Huang amekushonea koti na amekataa katakata kusema bei.

Alhamisi ijayo unarudi Kabingu. Umepakia ndege nyingi za kwenda kule, na hujawahi kupanda hata moja. Safari hii wewe ndiwe abiria. Ukae dirishani, ukalione ziwa likitokea chini ya bawa, na Fifi akupokee uwanjani. Mungu akupe afya, amani mlangoni pako, na miaka mingi ya kuwaona watoto wa mji ule wakikua.