Fundi Datius na Hedfoni Zilizomrudisha Nyumbani

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Fundi Datius Kahangwa atachomoa pasi yake ya kuchomelea kwa mara ya mwisho katika duka letu la Ishwarlal na Wajukuu, hapa Bukoba mjini. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita, miezi mitatu na siku kumi na mbili ya kazi. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe na kuibandika ukutani juu ya meza yake, kwa hiyo asije mtu akabisha siku ya sherehe.

Wasifu huu umeandikwa na Siti, muuzaji wa kaunta, ambaye amekaa hatua mbili kutoka kwa Fundi Datius kwa miaka kumi na tisa. Nimepewa kazi hii kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu sikio langu la kushoto, ambalo ndilo liko upande wake, lina mengi ya kueleza.

Fundi Datius alizaliwa wilayani Muleba, upande wa Kamachumu, katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi. Alifika kwa Mzee Ishwarlal mwezi Machi 1989, kijana wa miaka ishirini na minne, akiwa amebeba redio isiyo yake. Ilikuwa ya katekista wa kijijini kwao, haisemi, naye ametumwa ailete kwa mafundi wa mjini. Mzee Ishwarlal alikuwa anakunywa chai. Alipomaliza kikombe na kugeuka, alikuta redio imefunguliwa juu ya kaunta kwa kisu cha kumenyea ndizi, mende watatu wamepangwa pembeni, na kwaya inaimba. Mzee akamuuliza kama anataka kazi au anataka chai. Datius akajibu kwamba anataka vyote viwili, na akapewa vyote viwili.

Tangu siku hiyo ametengeneza redio, deki za kanda, vipaza sauti vya makanisa na vya misikiti, na mashine moja ya kunyolea nywele aliyoletewa kimakosa. Ndani ya redio za watu amekuta buni za kahawa, senene waliokauka, rozari, na mara moja barua ya mapenzi. Barua aliirudisha mahali pake akafunga skrubu, kwa maelezo kwamba haikuwa chanzo cha ubovu.

Lazima tuseme ukweli kuhusu imani yake ya kazi. Kwa Fundi Datius, redio isiyosikika barabarani bado ni mgonjwa. Mteja alileta redio inayosikika vizuri sebuleni akarudishiwa inayosikika vizuri hadi mtaa wa Nshambya. Kashai, alikopanga chumba miaka yote hiyo, hakuna jirani hata mmoja aliyenunua redio. Mwenye nyumba alikuwa akitangaza vyumba vyake kuwa vina umeme, maji na taarifa ya habari. Mpangaji mmoja alihama kwa hasira, akarudi baada ya mwezi kwa sababu huko alikohamia alikuwa anachelewa kuamka.

Kila Jumamosi mchana Fundi alipanda gari kwenda Muleba kwa mke wake, Mama Kokugonza, na Jumatatu asubuhi alirudi kazini. Mama Kokugonza ndiye aliyebaki kwenye kibanja chao, akapalilia migomba, akachuma kahawa, akalea watoto wanne. Siku mbili kwa wiki alivumilia mume na redio yake. Siku tano zilizobaki nyumba ilikuwa ya utulivu, na kwa miaka thelathini na sita mwanadamu huzoea.

Mwezi Februari mwaka huu Ekta, mjukuu wa Mzee Ishwarlal ambaye ndiye anayesimamia duka sasa, alikwenda Kamachumu kuzungumza na Mama Kokugonza kuhusu sherehe hii. Alipokelewa vizuri, akala ndizi, akapewa na kahawa ya kutafuna. Kisha akapewa sharti. "Mume wangu nampokea kwa mikono miwili," Mama Kokugonza alisema. "Ila redio ibaki huko huko Bukoba. Nyumba yenyewe ndogo, hatuenei watatu."

Fundi Datius alipofikishiwa ujumbe huo alicheka mpaka saa sita. Saa saba hakula. Saa tisa alimwendea Ekta na kumuuliza, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo, iwapo duka halihitaji mlinzi. Fundi aliyefanya kazi miaka thelathini na sita, anaomba ulinzi ili asilazimike kwenda kwake! Nilimwonea huruma sana, na sioni aibu kuiandika. Bila mke wake hakuwa na pa kuzeekea, na bila redio hakujua atazeeka vipi. Alichokuwa akiomba ni asilazimishwe kuchagua.

Ekta akasema dawa ni hedfoni. Fundi akasema hedfoni ni za vijana na marubani. Tukapiga kura, tukamshinda mbili kwa moja.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya zile zenye matundu nyuma. Hizo zina sauti pana, yenye hewa, na Fundi alipozivaa alisema ngoma anaisikia kama amekaa na mpigaji. Shida ni kwamba mimi kwenye kaunta niliisikia ngoma ile ile, maana hedfoni za matundu hutoa sauti mbele na nyuma. Hakunisikiliza, akaenda nazo Muleba. Mama Kokugonza alikaa hatua tatu kutoka kwake akimenya ndizi, na ubeti wa pili ulipofika akaanza kuitikia sauti ya pili. Jumatatu hedfoni zilirudi dukani.

Tukakubaliana zinatakiwa zilizofungwa nyuma, ambazo hubakisha sauti kichwani kwa mwenyewe. Jozi ya pili ilitoka stoo ya Mzee Ishwarlal, kubwa, nzito, za kazi ya studio. Zilifunga vizuri, lakini zilikuwa na ukinzani mkubwa. Zikichomekwa kwenye simu zilikuwa zinanong'ona tu, simu haina nguvu ya kuzisukuma. Zilihitaji amplifaya. Neno hilo lilimrudishia Fundi Datius uhai, akajifungia siku tatu na kuunda ya kwake kwa vipuri alivyokuwa navyo. Ilihitaji watu wawili kuinyanyua. Ingeweza kuendesha harusi nzima ya Ijuganyondo, wageni wakiwa pande zote mbili za barabara.

Ekta alimweleza kwa wiki nzima kwamba mtu anayesikiliza taratibu hahitaji nguvu nyingi, anahitaji usafi. Ukipunguza sauti kabisa, usikie wimbo peke yake. Amplifaya ya Fundi ilikuwa inachemka ndani kama kitunguu kwenye mafuta, na nyuma ya kitunguu kulikuwa na mvumo wa umeme. Isitoshe, ukigeuza kitufe cha sauti kidogo, sikio la kushoto ndilo liliamka kwanza, la kulia likafuata baadaye sana. Fundi alisikiliza nusu ya kwaya kwa siku mbili akidai nusu nyingine wamesafiri. Mwishowe alikubali kushindwa, na kifaa kile sasa kinazuia mlango wa stoo.

Jozi ya tatu Ekta aliiagiza Mwanza. Zimefungwa nyuma, ni nyepesi, hazihitaji nguvu nyingi, na mito yake ni minene na laini. Mito ilikuwa muhimu kwa sababu Fundi huvaa miwani, na mikono ya miwani huacha upenyo ambao sauti hutorokea. Pamoja nazo ilikuja amplifaya ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, yenye swichi ya nguvu ndogo. Ukiiweka hapo kitufe kinapanda polepole na masikio yote mawili yanaamka pamoja. Tulifanya jaribio dukani. Fundi alisikiliza misa nzima, mimi nikasoma gazeti pembeni yake. Nilichosikia ni kitu kimoja tu, Fundi mwenyewe akiimba besi. Hilo tulimkataza kwa maandishi.

Aprili alichukua likizo ya wiki mbili akaenda Muleba kujaribu maisha ya ustaafu. Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri mno. Mama Kokugonza alimpigia Ekta kumshukuru, akatuma na mkungu wa ndizi.

Siku ya nne alifika Annastella, mkamwana wao mpya, aliyeolewa na kijana wao Yoeli miezi miwili kabla. Alikuwa anakwenda kuwaamkia wakwe peke yake kwa mara ya kwanza, na kikapu chake mkononi. Mama Kokugonza alikuwa shambani. Fundi alikuwa sebuleni, ameelekea mlango, amefumba macho, hedfoni kichwani. Annastella aliziona hizo hedfoni, lakini mkamwana mpya hamwambii baba mkwe avue kitu. Akapiga magoti. "Kasinge waitu," akaamkia kwa Kihaya. Fundi akatikisa kichwa.

Sasa, kwetu huku kutikisa kichwa si kuitikia, na mwanamke aliyepiga magoti kumwamkia mkwe hainuki kabla hajaitikiwa. Annastella akaamkia tena. Fundi akainua mkono, akauzungusha polepole, akaushusha. Alikuwa anaongoza kwaya. Annastella akaamkia mara ya tatu na ya nne, akaendelea kusubiri.

Wakapita akina mama watano wa jumuiya, waliokuwa wamemfuata Mama Kokugonza kwa mambo ya sala. Walipochungulia wakamkuta bibi harusi amepiga magoti, na mzee amefumba macho, mkono juu. Hawakuuliza. Nao wakapiga magoti. Mmoja akatoa rozari, akaanzisha. Walikuwa wamefika tendo la tatu la rozari Mama Kokugonza alipotokea na jembe begani na kukuta wanawake sita wamemsujudia mume wake, naye anawabariki kwa mapigo. Anasema alisimama mlangoni hajui kama apige magoti au arushe jembe.

Wimbo ukaisha, Fundi Datius akafumbua macho. Akaona rozari, wanawake wamepiga magoti, mmoja analia, na mke wake amesimama mlangoni. Ametusimulia mwenyewe kwamba alijua ndiyo amekufa, na kilichomuuma ni kwamba hawakumvalisha suti.

Akina mama wa jumuiya walicheka wiki nzima. Annastella hakucheka. Alikuwa ameamkia mara nne bila kuitikiwa, na kwake jibu lilikuwa moja tu, kwamba ukoo umemkataa. Aliacha kikapu palepale, akarudi kwa wazazi wake Ijuganyondo.

Kesho yake asubuhi Fundi Datius na Mama Kokugonza walimfuata. Mbele ya wazazi wake Fundi alivua kofia, akaitikia ile salamu mara nne, moja baada ya nyingine, taratibu, kwa kuwa aliamkiwa mara nne. Annastella akalia tena, ila kilio cha aina nyingine, na akarudi kwa mume wake siku hiyo hiyo.

Jumatatu, bila kungoja likizo iishe, Fundi alizirudisha hedfoni dukani ndani ya boksi lake. Alisema zenye matundu zinamsumbua mke wake, zilizofungwa zinaumiza watoto wa watu, na kwamba sasa amechagua: atakwenda nyumbani bila kitu. Hakuna aliyemcheka. Alikaa mezani mpaka mchana akiwa ameinamia redio ya mteja asiyoifungua.

Ekta ndiye aliyesema kwamba hedfoni hazina kosa, kinachokosekana ni hodi. Basi Fundi akafanya kazi ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko zote nilizomwona akifanya. Alitengeneza kitufe kidogo cha kuweka kwenye fremu ya mlango, chenye waya mpaka kwenye amplifaya. Mgeni akikigusa, muziki unakatika papo hapo. Mwezi Mei alikwenda kukifunga, na Annastella ndiye aliyekuwa wa kwanza kukibonyeza. Aliitikiwa kabla goti halijagusa chini.

Jumamosi iliyofuata kitufe kilibonyezwa mara arobaini. Wageni walikuwa watatu. Waliobaki wote walikuwa Mama Kokugonza. Alibonyeza kumwambia kwamba maharage yameiva. Alibonyeza kumwambia kwamba ng'ombe wa jirani ameingia kwenye migomba, kwamba ametoka, kwamba Yoeli amepiga simu, kwamba mawingu yale huenda yakaleta mvua. Jumapili jioni Fundi alilalamika kwamba tangu jana hajamaliza wimbo hata mmoja.

Jibu alilopewa alinisimulia hapa kwenye kaunta, akiwa amegeukia rafu ya balbu ili nisimwone uso. Mama Kokugonza alimwambia: "Redio sikuichukia, Baba Yoeli. Nilichoka kushindana nayo. Ulikuwa unakuja siku mbili, nami ninachotaka kukueleza ni cha wiki nzima. Sasa nikigusa hapa, kila kitu kinanyamaza na wewe unanitazama mimi. Niache niguse."

Fundi Datius alifuta miwani, kisha akaniomba kitufe kingine na mita kumi na mbili za waya, kwa sababu mlangoni ni mbali na jikoni.

Zawadi yetu kwake leo ni hizo hedfoni, hiyo amplifaya ndogo, na kitufe cha jikoni. Kwa niaba ya Mzee Ishwarlal, Ekta, na sikio langu la kushoto, nasema asante kwa redio zote ulizozifufua, kwa chai uliyotuchekesha nayo ikatutoka puani, na kwa kutufundisha kufungua kitu kabla ya kukilaumu. Nenda nyumbani, Fundi. Mungu akupe afya, kahawa yako izae, na akujalie uzee mrefu usiomaliza wimbo hata mmoja.