Hailingani na Nini?

Kijiwe cha Boga kiko Kisauni, ubavuni mwa duka la simiti. Benchi lake ni mbao mbili za lori zilizolazwa juu ya matofali. Baada ya swala ya alasiri Boga huteleka dele lake la kahawa kwenye makaa, na wenye benchi huja mmoja mmoja na hoja zao. Siku hiyo Rashad, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alifika na laptopu kwapani, akaketi bila kuagiza kitu.

— Kulikoni? akauliza Hashim, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki.

Rashad akawaeleza. Alikuwa ametengeneza kifaa kinachotumiwa na watengenezaji wenzake. Wewe waandika muundo, yaani jina la mtu au la mtaa laruhusiwa kuwa na alama zipi, nacho chakagua. Jalila, binti wa Miritini, alikitumia kwenye orodha ya kambi ya kupima macho ya Jumamosi. Sasa watu wote wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe wamekataliwa. Jalila ametafuta kosa siku mbili halioni, na orodha yafungwa leo magharibi.

— Amenambia kifaa changu atakiacha, akasema Rashad. Nami nimekipima mara elfu. Hakina kosa.

— Kosa ni jina, akasema Redio. Mashine imesoma Ziwa, ikasoma Ng'ombe, ikajua hawa si watu. Wapelekwe kwa daktari wa mifugo.

— Ng'ombe haelemewi na nunduye, akaitikia Mwarandu, ambaye wamempa jina la Jaji. Hii mashine imeelemewa.

— Hilo halihusu, Jaji, akasema Rashad.

— Lahusu. Tena sikiza. Siku hizi mashine zatutazama kutoka juu mbinguni. Imetazama pale, ziwa haioni, ng'ombe haioni. Imekataa uongo.

— Wallahi umesema, akakubali Redio. Na hiyo kambi yenyewe ya nini? Mwenye macho haambiwi tazama.

Boga akacheka. Rashad hakucheka. Moyoni alikuwa akirudia maneno yale yale, hakina kosa, na kila akiyarudia yalipungua nguvu.

Hapo akaja mama mmoja wa makamo, buibui limejaa vumbi, akaomba kupumzika. Wakasogea kumpa nafasi.

— Shikamoo, mama, akasema Rashad.

— Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwanarusi, natoka Ziwa la Ng'ombe. Nshaenda kujiandikisha macho mara mbili, naambiwa mashine yakataa.

Redio akaangalia kikombe chake.

— Mashine ni yangu, mama, akasema Rashad. Kidogo.

— Basi imesema nini ilipokataa?

— Imesema, "Hailingani."

— Hailingani na nini?

Rashad akaitazama laptopu yake.

Rashad akaweka laptopu mapajani. Kifaa kilijua mahali kilipokwama. Siku zote kilijua. Yeye ndiye hakukipa maneno ya kusema. Akaandika, akafuta, akaandika tena, kahawa aliyowekewa na Boga ikapoa. Kisha akachukua muundo wa Jalila, akaupitisha upya, akawasomea jibu polepole:

"Nimesoma Ziwa la Ng bila tatizo. Nimekwama kwenye alama ya kumi na moja, ambayo ni ritifaa. Muundo wako waruhusu herufi na nafasi tu. Ukitaka ritifaa ikubaliwe, iongeze kwenye muundo."

— Ritifaa ndiyo kile kidoti kinachoelea juu? akauliza Jaji.

— Ndicho.

— Mtaa mzima umezuiwa na kidoti.

Rashad akamtumia Jalila kifaa kipya, na chini yake akaandika: "Nisamehe. Nilikuachia ukisie." Haikupita robo saa, Jalila akajibu: "Nimeona. Dakika moja tu. Wote wameingia."

Simu ya Mwanarusi ikalia mkobani. Akaishika mbali na uso, akakunja macho, akampa Rashad amsomee ujumbe.

— Mwanarusi, Ziwa la Ng'ombe. Jumamosi, saa mbili asubuhi. Karibu.

— Alhamdulillahi, akasema mama. Akaifunga simu ndani ya leso. Alipokuwa akisimama, akauliza: — Na humo ndani ya mashine yako, yako majibu mangapi mengine ya neno moja?

Rashad hakujua. Hakuwahi kuyatazama kwa jicho hilo. Akamshukuru, akamwombea safari njema, akairudisha laptopu mapajani na kuanza kuyasoma, la kwanza kwanza, Jaji na Redio wakichungulia mabegani mwake, kila mmoja na shauri lake la namna linavyofaa kusemwa.