Kitambaa Chekundu Kiunoni Mwangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata kwa vinywa vya watu kama mimi. Mchungaji aliniomba nisimame Jumapili tatu zilizopita nikakataa. Leo nimesimama. Naomba mnivumilie, maana ushuhuda wangu hauna mahali pa kupiga vigelegele.

Jina langu ni Juma Masunga, nimezaliwa hapa hapa Ngokolo. Wengi mnaniona nikifagia kanisa siku za Jumamosi na mnajua nimewahi kufungwa, ila hamjui kwa nini. Wengine mmesikia kwamba niliiba dhahabu. Laiti ningeiba dhahabu.

Nilikwenda Geita kwenye machimbo nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Tulikuwa kambi mbili za wachimbaji wadogo, zimetenganishwa na korongo. Sisi tulikuwa Kambi ya Juu, wenzetu Kambi ya Bondeni. Mawe yetu ni yale yale, mashimo yetu ni yale yale, kuku tulikula kwa mama ntilie mmoja. Lakini ikifika mechi ya ng'ombe tulichukiana kama watu walioibiana wake. Kila mwaka baada ya mavuno wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, walitoa dume la ng'ombe, timu itakayoshinda ilichinje. Ndugu zangu, sijawahi kuona mechi ile ikiisha kwa filimbi. Iliisha kwa ngumi.

Mimi nilikuwa beki, na waliniita Baruti. Mpira nilikuwa siujui sana, nasema ukweli mbele za Mungu. Nilipangwa kwa sababu ya kupiga. Kocha wetu alikuwa akinionyesha mshambuliaji wao anayesumbua, ananiambia, "Baruti, yule asimalize kipindi cha kwanza." Na hakumaliza. Nimewahi kumvunja mtu mguu nikasindikizwa nje nimebebwa mabegani. Nimewahi kumkaba refa kwa kola yake, naye akarudisha kadi nyekundu mfukoni. Nilifungiwa mechi sita, nikacheza zote kwa jina la mtu mwingine, na kambi nzima ilijua. Nilijiona mtu.

Tulikuwa pia na kamati ya ufundi. Wapenzi wa mpira mnacheka, mnaijua. Hii si kamati ya kufundisha mpira, ni ya waganga. Ilituambia tuingie uwanjani kwa kuruka uzio na wala tusipite getini, tusishikane mikono na wapinzani, na tuangalie sana kipa wao anaweka nini golini. Kitu chochote kikionekana kwenye lango la adui ni hirizi, na hirizi ikitolewa, lango liko wazi. Nililiamini hilo kuliko nilivyoamini Ubatizo wangu.

Kipa wa Bondeni aliitwa Lukas, kijana mrefu, mpole, mtu wa huku kwetu Shinyanga, Didia. Kazi yake ilikuwa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na siku zote nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mwaka ule, mechi ya ng'ombe, nikaona ameweka kitambaa chekundu kilichofungwa fundo chini ya nguzo ya goli. Alikuwa akikigusa mara kwa mara. Mashabiki wetu wote wakakiona. Mashabiki wao pia walikiona, wakashangilia, kwa sababu na wao waliamini kipa wao kajiandaa.

Kipindi cha pili, bila bila, tukapata kona. Sikwenda kuutafuta mpira. Nilikwenda moja kwa moja nguzoni, nikakinyakua kile kitambaa, nikakisokomeza kiunoni ndani ya bukta. Lukas akanirukia. Nikampiga kiwiko cha kifua kwa nguvu zangu zote. Basi, watu wakaingia uwanjani pande zote mbili, na refa akapanda pikipiki akaondoka zake. Uwanja wetu haukuwa na jani hata moja. Vumbi lilipanda hadi nikawa sioni ninayempiga ni nani, nikaendelea kupiga.

Vumbi lilipotulia kidogo nilimwona Lukas amepiga magoti, hatua kama kumi kutoka kwangu. Kinywa kiko wazi. Mabega yanapanda na kushuka. Hakuweza kutoa neno, akanyoosha mkono kuelekea kiunoni kwangu, akaufungua na kuufunga. Kambi yetu ikalipuka kwa kicheko. Mtu akapaza sauti, "Kaishiwa! Nguvu zake anazo Baruti!"

Ndugu zangu, mimi nilicheza. Nilikata kiuno mbele yake, nikakipigapiga kile kitambaa kwa kiganja, na yeye akiwa amenyoosha mkono. Nimejaribu sana kukumbuka kwamba nilicheza kidogo tu. Nilicheza mpaka alipoangukia uso.

Wenzake walimpakia kwenye gari. Saa kumi na moja habari ikarudi kwamba amekata roho kabla hawajafika hospitali. Nilikuwa naoga. Nikakifungua kitambaa ili niichome hirizi kama tulivyoelekezwa, na ndani yake nikakuta kile kichupa cha kupuliza mdomoni cha wagonjwa wa pumu. Nilikijua mara moja kwa sababu dada yangu anacho. Lukas aliificha pumu yake kambini, maana mwenye karasha asingempa kazi mtu wa kifua kibovu. Alikifunga kichupa kwa kitambaa ili vumbi lisiingie.

Nikakifunga tena. Nikakizika ndani ya kiroba cha unga wangu, nikatoka nje. Kambi yetu ilikuwa imejitangazia ushindi, ng'ombe ameshachinjwa, na walinipa ini, nyama ya mshindi. Nikala.

Wiki nne nilikaa kimya. Kamati ya ufundi ilitembea kifua mbele ikijisifu. Bondeni walisema karogwa, Juu walisema karogwa, na mimi niliyejua nilisema karogwa. Usingizi ukanikimbia. Siku moja tukiwa chini kabisa ya duara, mashine ya kutusukumia hewa ikazimika. Hewa ikawa nzito, kifua kikabana, nikafungua kinywa na hakikuingia kitu. Nikamwona Lukas na mkono wake. Nikasema moyoni, Mungu, nikitoka nitasema. Mashine ikawaka, wakatuvuta juu. Nanyi mnadhani nilisema? Nilikunywa maji, nikakaa kimya siku mbili nyingine. Sitaki mtu hapa anidhanie mwema.

Siku ya tatu nahodha wetu, Shija, ambaye naye ni mtu wa Didia, alirudi kutoka nyumbani kwao. Akakaa kitandani kwangu.

"Wazee wameenda kuagua nani kamroga Lukas," akaniambia. "Ametajwa mama yake mdogo, yule Nyamizi aliyemlea. Si unajua ana macho mekundu?"

"Macho yale si ya moshi wa jikoni?"

"Sasa nani atasikiliza habari za moshi? Wamempa mpaka Jumapili ahame. Ila vijana wanasema hatahama akiwa mzima."

Ilikuwa Ijumaa. Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza bibi mjane mwenye macho mekundu hufanywa nini akishatajwa. Shija akatoka. Halafu nikaingiza mkono kwenye kiroba cha unga.

Hapa ndipo wokovu wangu ulipo, ndugu zangu, na naomba msiutafute mahali pengine. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliogopa sana, na Mungu akanipandisha basi la alfajiri hivyo hivyo. Njiani nilitaka kushuka Mwanza, nikataka kushuka Shinyanga mjini. Sikushuka. Mtu aliyekuwa anashinda kwa kupiga aliketi kwenye kiti cha basi amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili, na sijui ni nani aliyemshikilia pale kama si Bwana.

Nilifika Didia mchana wa Jumamosi. Uani palikuwa na wazee wamekaa na vijana wamesimama, mapanga yako chini ya kihenge cha nafaka. Nyamizi alikuwa ndani, mlango umefungwa kwa nje.

"Shikamooni," nikasema.

Baba mkubwa wa Lukas akaitikia, akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni Baruti wa Kambi ya Juu. Lukas hakurogwa. Nilimuua mimi, na alichokuwa anakihitaji hiki hapa."

Nikakiweka chini na kukifungua. Nikawaeleza yote, na ile ngoma niliyocheza pia nikawaeleza. Nilipomaliza, yule mzee aliwaambia vijana wafungue mlango.

Mama yule alitoka taratibu, akachuchumaa mbele ya kile kitambaa. Akakiokota kichupa, akakitikisa karibu na sikio lake.

"Bado kimejaa," akasema. "Nilimnunulia mwenyewe, akaniahidi hatakiacha mbali. Na hiki kitambaa nilikikata kwenye khanga yangu."

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mayu, mama yangu."

Alikunja kile kipande cha khanga, akarudi ndani, na safari hii mlango aliufunga yeye.

Vijana walinipiga. Si sana, wazee waliwazuia, na niliwashukuru wote, waliopiga na waliozuia. Sikunyanyua mkono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu utoto kupigwa bila kurudisha. Jioni nikapelekwa polisi, nikasema tena, nikasema tena mahakamani. Nilifungwa kwa kuua bila kukusudia, nikatumikia, nikatoka. Gerezani nilimpa Yesu maisha yangu, na kusema kweli sikuwa nimebaki na maisha mengi ya kumpa.

Sasa nauza kamba za katani kwenye minada, na siku ya mnada wa Didia lazima nimkute Nyamizi anauza dengu. Yuko hai. Ana vitukuu. Kila wiki nasimama mbele ya turubai lake nasema, "Shikamoo mayu." Huu mwaka wa tatu. Haitikii. Husubiri nipite, ndipo anaendelea kupima dengu. Wapo watu wa maombi wananiambia, ndugu, amini, siku moja ataitikia. Mimi siombi hilo tena. Nilimwondolea mapanga, lakini Lukas sikumrudisha, na marahaba ya mama yule ni mali yake mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba yupo wa kuninyima.

Vijana wa timu ya kanisa, nawaona pale nyuma. Siku mkisikia uwanja mzima unamcheka mtu aliyepiga magoti, nendeni mkamtazame usoni.

Na ninyi wengine. Katika nyumba zetu hizi, Ngokolo, Kambarage, na huko vijijini, yuko mtu anayesingiziwa leo, na humu ndani huenda yuko anayeujua ukweli. Mimi nilichelewa wiki nne na siku mbili, nikamkuta mama yupo nyuma ya mlango uliofungwa. Mtegemee Bwana, hata kama magoti yanagongana. Atakushika pale pale ulipo na woga wako. Mchungaji, nimemaliza. Naomba tusiimbe kwanza. Naketi, na hapa mbele pawe wazi kwa dakika chache, asimame mwenye neno.